Kupima presha na sukari kijijini msimu wa korosho: tupangeje ili waliokutwa na tatizo wafike zahanati?

MwanaKitangari (Newala)

Habari zenu wakuu.

Kamati ya afya ya kijiji chetu imekubaliana na mganga mfawidhi wa zahanati tufanye siku moja ya kupima presha na sukari, na hapo hapo tuzungumze na watu kuhusu chumvi, vinywaji, mboga na mengineyo. Tunafikiria mwezi wa 11, korosho zikiwa zinaokotwa na kuuzwa, maana ndipo watu wengi wanakuwa kijijini.

Tulivyo navyo: mashine mbili za presha za betri, mashine moja ya sukari na stripu 50, futi kamba ya fundi cherehani, muuguzi mmoja, WAJA (wahudumu wa afya ya jamii) wawili na wajumbe wanne wa kamati. Kijiji kina vitongoji vinne, kaya mia tatu na kitu. Zahanati iko kilomita 6.

Naombeni msaada kwa mambo matatu. Kwa vifaa hivi tuite watu wangapi? Wajumbe wengine wanataka tutangaze kijiji kizima. Pili, mtu akikutwa na presha tufanyeje ili kweli aende zahanati, wakati msimu huu hakuna anayetaka kuacha korosho chini ya mti? Tatu, elimu gani tutoe ambayo mama ataitumia jikoni kesho yake? Karatasi tulizopewa zimeandikwa "punguza chumvi, kula mlo kamili, fanya mazoezi", basi.

---

Nesi wa Chikongola (Mtwara mjini)

Mleta mada, piga hesabu ya muda kwanza, tangazo lije baadaye.

Kufunga kitambaa mkononi, kipimo cha kwanza, kusubiri dakika moja, kipimo cha pili, kuandika: hapo dakika 5 zimekwisha kwa mtu mmoja, tena awe ameshapumzika kabla. Kwa karatasi mashine moja inapima watu 12 kwa saa. Hesabuni 10, kwa sababu yupo atakayeuliza maswali na yupo atakayerudiwa mara ya tatu. Mashine mbili kwa saa nne ni watu 80, na hiyo ndiyo idadi yenu. Mkitangaza kijiji kizima mtapata foleni ya watu mia mbili, na kitu cha kwanza kuachwa kitakuwa yale mapumziko. Hapo namba zote mtakazoandika daftarini zinakuwa hazina maana.

Mapumziko ni dakika 5 kamili, mtu amekaa kwenye kiti chenye egemeo, hazungumzi. Wekeni viti vitatu nyuma ya kila mashine na mjumbe mmoja mwenye saa, kazi yake iwe hiyo tu. Aliyefika kwa baiskeli au aliyetoka kubeba gunia akae zaidi, hata nusu saa. Aliyevuta sigara au kunywa kahawa naye asubiri nusu saa. Kabla hajakaa aulizwe kama anataka kwenda haja ndogo, maana kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kupandisha kipimo kwa vizio 10 au zaidi.

Akishakaa mezani: mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini, miguu haijapishanishwa, mkono umelala juu ya meza na kitambaa kiko usawa wa moyo. Meza zetu nyingi za vijijini ni fupi, kwa hiyo wekeni kitenge kilichokunjwa chini ya kiwiko. Mkono ukining'inia kipimo kinapanda. Mtu akizungumza kinapanda. Mpimaji anayesalimiana na kuulizia watoto huku mashine inajaza upepo anaharibu kipimo chake mwenyewe.

Kitambaa kinafungwa kwenye ngozi, si juu ya nguo, vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, na bomba lielekee upande wa ndani wa mkono. Msikunje mkono wa shati hadi ukabane bega, heri mtu autoe kabisa. Hapa ndipo panapohitaji pazia na mpimaji mwanamke, kwa sababu mama aliyevaa baibui hatavua mkono mbele ya ghala lililojaa wanaume. Turubai na kamba vinatosha.

Kitu kinachosahaulika sana ni ukubwa wa kitambaa. Kile kinachokuja na mashine nyingi ni cha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Pimeni katikati ya mkono wa juu kwa futi kamba. Ukizidi 32, kitambaa hicho kitatoa namba ya juu kuliko ukweli, na mtamwandikia presha mtu asiyekuwa nayo. Ombeni kitambaa kikubwa kimoja hospitali ya wilaya. Kisipopatikana, msimpime mtu huyo kwa kidogo mkaandika kana kwamba ni sahihi. Mwandikieni aende kupimwa panapo kitambaa cha kumtosha.

Chukueni wastani wa vipimo viwili. Vikiachana kwa zaidi ya 10, pimeni cha tatu na mchukue wastani wa viwili vya mwisho. Mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyo na mpangilio mara mbili mfululizo kwa mtu yule yule, andikeni pembeni, huyo aonwe na daktari hata kama namba zake ni nzuri.

Betri mpya siku hiyo, na seti ya akiba. Betri ikichoka mashine inajaza nusu, inaanza upya, mkono unaminywa mara tatu, presha inapanda na mtu anaondoka amekasirika.

---

Tabibu wa Masasi

Naongezea upande wa sukari, kisha rufaa.

Stripu 50 kwa watu 80 hazitoshi, na hakuna sababu ya kumpima kila mmoja. Toeni tano za kurudia. Zinazobaki 45 ziende kwa wenye miaka 40 na zaidi ambao wana kiuno kipana, au mzazi ama ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, au presha yao imesoma 140/90 na zaidi. Mwanamke aliyewahi kujifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, au aliyeambiwa ana sukari akiwa mjamzito, naye apimwe. Mwenye kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara na kukonda bila sababu apimwe kwanza, hata kama ana miaka 25.

Msimu huu kuna kosa moja la kuliangalia sana, nalo ni mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mtu ametoka shambani, vidole vimelowa maji ya mabibo, kidole kinatobolewa hivyo hivyo, mashine inasoma 15. Hiyo ni sukari ya tunda iliyobaki kwenye ngozi. Kitambaa cha spiriti peke yake hakitoshi kuiondoa. Wekeni ndoo yenye koki, sabuni na taulo safi, kila mtu anawe na akauke kabisa, maana maji yakibaki yanazimua tone la damu na namba inashuka.

Tobo liwe ubavuni mwa kidole cha kati au cha pete, si katikati ya ncha. Tone la kwanza lifutwe, la pili ndilo la kupima. Msikamue kidole kwa nguvu. Lanseti (kisindano cha kutobolea) moja kwa mtu mmoja, inaingia kwenye sefti boksi, boksi la kutupia sindano, hapo hapo, na boksi likifika robo tatu lifungwe. Lirudi zahanati, lisibaki kwa mjumbe. Stripu zikae kwenye kopo lake lililofungwa, kivulini. Msizibebe kwenye boksi la bodaboda lililopigwa jua kutwa, joto na unyevu vinaziua, nazo zitaendelea kutoa namba bila kuwaonya.

Kusoma namba: kwa kuwa wengi watakuwa wamekula, chini ya 7.8 mmol/L ni sawa. Kuanzia 7.8 hadi 11.0, arudi asubuhi akiwa hajala kwa saa 8. Ikiwa 11.1 au zaidi na ana zile dalili, huyo ana kisukari, aende zahanati siku hiyo au kesho yake. Ikiwa 11.1 au zaidi bila dalili, arudiwe akiwa hajala, na 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula ni kisukari. Akitokea anayetetemeka, anatoka jasho na mashine inasoma chini ya 3.9, mpeni vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, mumpime tena baada ya dakika 15. Wengi wa hawa ni wagonjwa wanaotumia dawa ambao hawajala.

Presha: 140/90 au zaidi kwa siku moja haimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa presha, inabidi irudiwe siku nyingine. Aliyesoma 140 hadi 159 juu, au 90 hadi 99 chini, arudiwe ndani ya wiki mbili hadi nne. Wa 160 hadi 179, au 100 hadi 109, ndani ya wiki moja. Wa 180/110 na kuendelea apumzike dakika 15, apimwe tena, na ikibaki pale pale aonwe siku hiyo hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, pumzi inabana, anaona ukungu, mdomo umepinda au mkono umekosa nguvu, hapo hakuna kusubiri wala kurudia, ni usafiri kwenda hospitali. Namba ya simu ya dereva mwenye gari iwe imeandikwa mezani tangu asubuhi, na kamati iwe imekubaliana nani analipa mafuta.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye miaka 30 hadi 79 ana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Kwa watu wenu 80, jiandaeni kupata ishirini na kitu. Kabla ya kutangaza, muulizeni mganga mfawidhi swali hili: wakija watu 25 wapya, una dawa zao za miezi mitatu? Kama jibu ni hapana, sogezeni tarehe, aagize kwanza. Mtu akitembea kilomita 6 akaambiwa dawa hakuna, hatarudi, na atawaambia majirani wasiende.

---

WAJA Nanyamba

Nakubaliana na tabibu. Mimi nazungumzia watu wanaopotea kati ya meza yenu na zahanati.

Njia fupi kuliko zote: kipimo cha pili kisifanyike zahanati. Kila mwezi muuguzi wenu anakuja kijijini na huduma ya mkoba kwa ajili ya chanjo na kupima watoto. Pangeni siku ya upimaji iwe wiki mbili kabla ya mkoba unaofuata. Wenye 140 hadi 159 waambiwe tarehe hiyo, hapo hapo kijijini, mashine ya presha itakuwepo. Mtu haendi kilomita 6 kwa ajili ya kuambiwa "hebu tuhakikishe". Anakwenda akiwa na jibu kamili. Wale wa 160 na kuendelea ndio wa zahanati moja kwa moja, na hao ni wachache, mnaweza kuwafuata mmoja mmoja.

Karatasi ya rufaa iwe na vipande viwili vyenye namba moja. Kimoja anaondoka nacho, kingine kinabaki kwa WAJA. Akifika zahanati, muuguzi anabaki na kile chake. Kila Ijumaa WAJA anakwenda kulinganisha, na kipande kisicho na mwenzake ndiyo nyumba ya kwenda kupiga hodi. Daftari liwe na jina, kitongoji, simu (hata ya jirani), vipimo vyote viwili na tarehe ya kurudi. Daftari hilo halikai wazi mezani.

Kuhusu siku na saa. Asubuhi watu wako mikoroshoni. Siku ghala la chama cha msingi linapopokea mzigo linavutia kwa sababu watu wamejaa, lakini roho za watu ziko kwenye mizani na foleni, hakuna atakayekaa kimya dakika 5. Ningechukua Ijumaa, kuanzia saa 8 mchana baada ya sala hadi saa 12 jioni, chini ya mwembe au kwenye ofisi ya kijiji. Ombeni imamu atangaze msikitini, na Jumapili iliyotangulia itangazwe kanisani. Halafu wenyeviti wa vitongoji wagawe vikaratasi 20 kila mmoja, na kila kitongoji kiwe na saa yake: cha kwanza saa 8, cha pili saa 9, na kuendelea. Hapo watu 80 wa Nesi wanapita bila msukumano. Vikaratasi viende kwanza kwa wenye miaka 40 na zaidi. Kitongoji cha mbali kipewe saa ya kwanza, wawahi kurudi kabla ya giza.

Semeni mapema, kwa maneno haya haya: siku hiyo hakuna kipimo cha UKIMWI, damu ni tone moja, haiwekwi kwenye chupa na haipelekwi popote. Msiposema nyinyi, watu watasema lao. Na majibu yasitajwe kwa sauti. "Mama, presha yako iko juu sana!" mbele ya viti sita vya watu ni siri ya mtu imemwagwa. Andikeni kwenye kadi, mzungumze naye pembeni.

Wazee wengi wanaamini presha inaletwa na mawazo, na kwamba mtu mwenye presha lazima kichwa kiume. Mkisema tu "una presha" atajibu hana mawazo na kichwa hakimuumi, ataondoka. Mwelezeni kuwa mishipa inabanwa kimya kimya kwa miaka, haiumi, ndiyo maana tumeleta mashine. Awepo mtu wa kuyasema hayo kwa Kimakonde fasaha, si kwa kutafsiri karatasi. Kwa akina mama, mkimpata kungwi mmoja anayeheshimika akapimwa wa kwanza, kazi yenu imekuwa nyepesi.

---

Lishe Ruangwa

Salamu kwa wote. Swali la tatu la mleta mada ndilo langu, nami naomba mzitupe karatasi zile. "Punguza chumvi" haina kipimo, na mama hawezi kufuata kitu kisicho na kipimo.

Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, kikijumlisha vyote alivyokula. Igeuzeni iwe hesabu ya nyumba. Watu watano ni gramu 25 kwa siku, maana yake paketi ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Waulizeni akina mama papo hapo: paketi yako inaisha baada ya siku ngapi? Wengi wanajua jibu. Anayenunua kila wiki ameshaona tatizo bila kupewa hotuba. Na kama nyumba inakula ng'onda au dagaa wa chumvi, paketi inatakiwa ikae zaidi ya hapo, kwa sababu chumvi nyingine imeingia na samaki.

Ng'onda haina haja ya kuachwa, ni kitoweo cha watu na kina protini nzuri. Ilowekwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili au zaidi, ichemshwe, maji hayo nayo yamwagwe, ndipo iungwe. Mchuzi wake usitiwe chumvi wala kidonge cha supu mpaka mtu ameonja. Vidonge na unga wa kukolezea mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa, na hapa ndipo nyumba nyingi zinatia chumvi mara mbili bila kujua. Ladha irudishwe kwa ndimu, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili na embe bichi. Tui la nazi tumieni la pili na la tatu kupikia, lile zito la kwanza litiwe kidogo mwishoni.

Chumvi ya mawe inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu ni rahisi kwa bei, lakini ile isiyotiwa madini joto haifai kwa nyumba yenye mjamzito au watoto wadogo. Elezeni yote mawili pamoja: chumvi iwe kidogo, na iwe yenye madini joto. Msipofanya hivyo, mmoja atasikia nusu ya maneno.

Vinywaji. Msimu wa korosho pesa ipo na soda zinakuja kwa kreti. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, ni kama vijiko vya chai saba hadi vinane. Leteni chupa tupu, kikombe na sukari, hesabuni vijiko mbele ya watu, hakuna kinachobaki kichwani kuliko hicho. Halafu hesabuni na vijiko vya kwenye chai ya asubuhi na ya jioni. Bibo lenyewe likiliwa zima ni tunda zuri, lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Juisi yake iliyokamuliwa ni habari nyingine kwa mwenye kisukari, nyuzi zimetupwa, sukari imebaki. Korosho zenyewe tuzile: kiganja kimoja cha zilizokaangwa bila chumvi kinachukua nafasi ya andazi.

Sahani: nusu yake iwe mboga, robo ugali au wali, robo kitoweo, mbaazi au kunde. Mbaazi mnazo, nyingi zinauzwa zote debe kwa debe halafu nyumba inanunua maandazi. Washaurini watenge debe la kula kabla ya kuuza.

Nyanda za juu za Newala tatizo la mboga ni maji, kwa hiyo msiseme "limeni bustani" mkaishia hapo. Bustani ya gunia inawezekana: gunia la kilo 100, udongo sehemu mbili kwa samadi iliyooza sehemu moja. Katikati simamisha kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha vuta kopo juu na kujaza tena, hadi nguzo ya kokoto ifike juu. Toboa matundu ubavuni kila sentimita 15 kwa kupishanisha, panda sukuma wiki au mchicha, matembele juu. Maji yanamwagwa kwenye kokoto, si juu ya udongo, na yale ya kuoshea mboga na mchele yanatumika. Kinachoua bustani hizi ni samadi mbichi, inaunguza mizizi, na nguzo ya kokoto iliyozibwa na udongo, ambapo chini kunakauka na juu kunaoza.

Nje kidogo ya presha, lakini nyumba ni ile ile: kisamvu kitwangwe hadi kilainike kabisa, kichemshwe sufuria ikiwa wazi, ndipo nazi iingie. Na unga wa muhogo mchungu, kama makopa hayakulowekwa vizuri, ukandwe na maji, utandazwe mwembamba usiozidi sentimita moja, ukae kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo usongwe ugali siku hiyo hiyo. Sumu ya muhogo inatoka kama hewa.

---

MwanaKitangari

Nashukuru sana wakuu, nimechapisha yote kwa ajili ya kikao. Nina mambo matatu yaliyobaki. Mjumbe mmoja amejitolea kununua vidonge vya presha tugawe siku hiyo hiyo kwa watakaokutwa nayo, ili wasisumbuke kwenda zahanati. Pili, hiyo kiuno kipana tunaipimaje kwa futi kamba moja? Tatu, mazoezi na uraka (pombe ya mabibo) tunasemaje bila kuwaudhi watu?

---

Tabibu wa Masasi

Vidonge, hapana. Mshukuruni mjumbe, pesa yake iende kwenye stripu, betri na mafuta ya gari la dharura. Kipimo cha siku moja hakitoshi kuanzisha dawa. Mjamzito, mwenye figo, mwenye pumu na mwenye kisukari hawapewi dawa moja. Na mtu akipewa vidonge kumi bila faili, vikiisha anaona amepona. Hilo nalo lisemeni siku hiyo kwa wale wanaotumia tayari: dawa ya presha ni ya kila siku, namba ikiwa nzuri ni kwa sababu ya dawa, na kidonge cha jirani si chako hata kama rangi ni moja.

Uraka: semeni na wanywaji wenye presha na sukari pembeni, kwenye kadi zao, si kwenye kipaza sauti. Ujumbe ni mmoja, pombe inapandisha presha na kupunguza kunaishusha. Nipa, ile pombe kali ya kienyeji, ni hatari zaidi, nguvu yake haijulikani chupa kwa chupa. Ila msimwambie mtu "ukinywa usimeze dawa ya presha". Atasikia ruhusa ya kuacha dawa msimu mzima. Anayetumia dawa ya kisukari aambiwe wazi kuwa pombe juu ya tumbo tupu inaweza kushusha sukari hadi azimie.

---

Lishe Ruangwa

Kiuno: tumieni kamba ya katani, kila mtu yake. Mjumbe anapima urefu wa mtu kuanzia kisigino hadi utosi, anakata, anaikunja katikati mara moja. Nusu hiyo izungushwe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi kawaida, nguo imesogezwa. Ncha zikikutana, sawa. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wake, huyo aende kwenye foleni ya stripu. Kamba anaondoka nayo, atajipima mwenyewe baada ya miezi mitatu. Wajawazito wasipimwe kiuno.

Futi kamba yenu ibaki kwa Nesi, kwa ajili ya mzunguko wa mkono.

Mazoezi: kiwango ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaoongeza pumzi. Mkulima anayepalilia na kuokota korosho ameshavuka hapo, msimwambie akimbie asubuhi, atawaona hamjui maisha yake. Waulizeni wamekaa saa ngapi kwa siku. Mwenye duka, dereva wa bodaboda, fundi cherehani, karani wa ghala, hao ndio wa kuambiwa watembee nusu saa siku tano kwa wiki. Mkulima naye ana miezi yake ya kukaa, mavuno yakiisha. Mwambieni mwezi huo akifika, njia ya kwenda kisimani au gulioni aiende kwa miguu, bodaboda aiache.

---

Nesi wa Chikongola

Moja limebaki, mleta mada. Barua ya kibali iende kwa mganga mkuu wa wilaya kupitia mganga mfawidhi, nakala kwa mtendaji wa kijiji, wiki tatu kabla. Humo humo ombeni kitambaa kikubwa, sefti boksi mbili na muuguzi wa pili. Muuguzi mmoja hawezi kutoboa vidole na kuzungumza na wenye 180 kwa wakati mmoja.

Na siku moja kabla, pimeni mashine zenu zote mbili kwa mtu mmoja aliyepumzika, kwa kupokezana, mara tatu kila moja, mkilinganisha na ya zahanati. Mashine inayotofautiana na ya zahanati kwa zaidi ya 10 kila mara ibaki nyumbani, na vikaratasi vigawiwe 10 kwa kila kitongoji badala ya 20.